Mboni za Nairobi na Nia za Matajiri wa Teknolojia

Mazungumzo kuhusu matajiri wakubwa wa teknolojia huanza, karibu kila mara, na swali la nia: je, watu hawa wanasukumwa na uroho wa fedha, au na tamaa ya kutawala, au wanaamini kwa dhati kwamba mitambo yao itawaokoa wanadamu? Swali hilo lina uzito wake na mazungumzo haya hayatalikwepa, lakini likiulizwa peke yake humwacha mwananchi wa kawaida pale pale alipokuwa, kwa sababu nia ya mtu imo moyoni mwake na hakuna mahakama wala bunge linaloweza kuipima, ilhali madaraka yake yako nje, yana mikataba, yana hisa, yana anwani, na yanaweza kuwekewa mipaka. Ili ionekane jinsi madaraka hayo yanavyofanya kazi, ni afadhali kuacha kuwazungumzia matajiri wote kwa jumla na kumfuata mmoja wao katika mji mmoja. Tajiri huyo ni Sam Altman, na mji wenyewe ni Nairobi, ambako kampuni mbili alizoshiriki kuzianzisha zilifika kwa milango tofauti.

Altman, aliyezaliwa mwaka 1985, alijulikana kwanza kama kiongozi wa Y Combinator, taasisi ya California inayozipa kampuni changa mtaji wa kuanzia na kuchukua sehemu ya hisa zake. Mwaka 2015 yeye pamoja na Elon Musk na wenzao kadhaa waliunda OpenAI, ambayo wakati huo ilikuwa shirika lisilo la faida, lenye lengo lililotangazwa la kuhakikisha kwamba akili mnemba, yaani mitambo ya kompyuta iliyofunzwa kufanya kazi zinazohitaji ufahamu wa kibinadamu kama kusoma, kuandika na kutambua picha, inawanufaisha wanadamu wote. Hiyo ndiyo OpenAI iliyotoa ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Altman alikuwa ameshiriki kuanzisha kampuni nyingine, Tools for Humanity, iliyobuni mradi wa Worldcoin. Hoja ya mradi huo ni kwamba siku inakuja ambapo mtandaoni haitawezekana kumtofautisha mtu na mashine, kwa hiyo kila mwanadamu atahitaji uthibitisho kwamba yeye ni mtu, na uthibitisho ulio bora ni jicho lake, kwa kuwa michirizi ya duara lenye rangi linaloizunguka mboni haifanani kwa watu wawili, hata wakiwa mapacha. Anayekubali kupigwa picha ya macho hupewa kitambulisho cha kidijitali, na juu yake hupewa sarafu ya kripto, yaani fedha isiyotolewa na benki kuu yoyote, ambayo hesabu zake huandikwa katika daftari la pamoja la kompyuta nyingi, na ambayo thamani yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya wanunuzi.

Inafaa kutazama jinsi kampuni hizi mbili zinavyokaa pamoja. Moja inatengeneza mashine zinazoandika na kuzungumza kama watu, nyingine inatoa kinga dhidi ya mkanganyiko unaoletwa na mashine hizo hizo, na mtu mmoja ana mkono katika zote mbili, mithili ya mganga anayebeba ugonjwa na dawa yake katika mkoba mmoja.

Hata hivyo, kumwita mtu huyo mroho wa fedha na kuishia hapo hakutoshi, na huenda kukapotosha. Mwezi Machi 2021 alichapisha makala ndefu akieleza kwamba akili mnemba itashusha thamani ya kazi za watu wengi huku ikizalisha utajiri mkubwa, na akapendekeza kwamba kampuni kubwa na ardhi zitozwe kodi ili kila mtu mzima wa Marekani apate mgao wake. Tarehe 16 Mei 2023, alipohojiwa na kamati ya Seneti mjini Washington, alisema kwamba hana hisa katika OpenAI, kwamba anacholipwa kinatosha bima ya afya, na kwamba anaifanya kazi hiyo kwa sababu anaipenda. Utajiri wake, ambao mwaka 2024 jarida la Forbes liliukadiria kuwa umevuka dola bilioni moja, umetokana na vitega uchumi vingine.

Hakuna haja ya kumwona mwongo ili hoja ya mazungumzo haya isimame. Mtu anayetafuta fedha ana mahali pa kusimama, walau pale hasara inapozidi faida. Mtu anayeamini kwamba anawaokoa wanadamu hana mahali hapo, kwa sababu kila anayemzuia humwona kama anauzuia wokovu, na kila anayeumia leo humwona mdogo mno akilinganishwa na mabilioni ya watu watakaonufaika kesho. Wala imani hiyo si ya Altman peke yake. Marc Andreessen, ambaye kampuni yake ya uwekezaji, Andreessen Horowitz, ni miongoni mwa zilizoipa Tools for Humanity mtaji, alichapisha mwezi Oktoba 2023 tamko refu la kuitukuza teknolojia, ambamo aliorodhesha dhana anazoziita adui. Miongoni mwa dhana hizo yamo maadili ya teknolojia, na imo kanuni ya tahadhari, yaani kanuni kwamba kitu kipya kichunguzwe madhara yake kabla ya kuenezwa kwa watu.

Kwa jinsi mambo yalivyokwenda Nairobi, tahadhari ndiyo hasa iliyokosekana. Worldcoin ilizinduliwa rasmi tarehe 24 Julai 2023, ingawa majaribio yake nchini Kenya yalikuwa yameanza mapema zaidi, na kampuni yenyewe ilikuwa ikitumia picha zilizokusanywa katika majaribio hayo ya nchi mbalimbali kuifunza mitambo yake. Baada ya uzinduzi, maelfu ya watu walipanga foleni katika vituo vya biashara vya mjini na katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, KICC, wakisubiri kutazama ndani ya tufe la rangi ya fedha linaloshikika kwa mikono miwili, lenye kamera zinazopiga picha ya macho na kuigeuza kuwa msimbo, yaani mfuatano wa tarakimu unaomtambulisha mtu huyo na si mwingine. Mawakala walioendesha matufe hayo walikuwa wakilipwa kwa kadiri ya watu waliowaandikisha. Aliyeandikishwa aliahidiwa sarafu 25, ambazo kwa bei ya siku zile zilikaribia au kuzidi kidogo shilingi 7,000 za Kenya, wakati ambapo kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi kilikuwa takriban shilingi 15,200 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, dakika chache mbele ya tufe zilikuwa na thamani ya karibu nusu mwezi wa jasho, na hayo yalitokea katika mwezi ambao kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na barabara za mji zikajaa maandamano ya kulalamikia gharama ya maisha. Watu wengi waliohojiwa na waandishi wa habari wakiwa kwenye foleni walisema waziwazi kwamba wamefuata hizo pesa, na hawakuficha kwamba hawajui macho yao yanakwenda wapi.

Hapa neno ridhaa linahitaji kufafanuliwa, maana ndilo lililokuja kuamua kesi iliyofunguliwa baadaye Kenya dhidi ya Worldcoin. Katika sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kuelezwa kwa lugha inayoeleweka kile kinachochukuliwa, kitakachofanyiwa, na njia ya kukidai kirudishwe au kifutwe. Mtu mwenye deni la kodi ya nyumba na watoto wasio na karo, akiwekewa mezani nusu ya mshahara wa mwezi, anaweza kusema ndiyo, lakini ndiyo hiyo imesemwa na njaa. Zaidi ya hayo, neno la siri likiibwa linabadilishwa, kadi ya benki ikipotea inafungwa, ila jicho halina badali. Na jambo ambalo Mkenya yeyote ana haki ya kukasirishwa nalo ni kwamba wakati wa uzinduzi huo wakazi wa Marekani, nchi ya waanzilishi wa mradi, hawakuruhusiwa kupewa sarafu hizo, kwa kuwa wasimamizi wa masoko ya mitaji huko walikuwa wakizibana sarafu za kripto. Kile ambacho sheria ya Marekani ilikizuia kwa watu wake ndicho kilichogawiwa Nairobi kama zawadi.

Tofauti hiyo inajitokeza wazi zaidi ikiwekwa kando ya mradi mwingine ambao Altman aliufadhili. Katika majimbo ya Texas na Illinois, kati ya mwaka 2020 na 2023, watafiti wa taasisi ya OpenResearch waliwapa watu 1,000 wa kipato cha chini dola 1,000 kila mwezi kwa miaka mitatu bila masharti, na wengine 2,000 wakapewa dola 50 kwa mwezi ili kulinganisha, kisha matokeo yakaanza kuchapishwa mwezi Julai 2024 ili kila mtu ayasome na kuyapinga akitaka. Washiriki walijua kwamba wamo katika utafiti, na waliulizwa kuhusu afya yao, kazi zao na matumizi yao. Si haki kudai kwamba utafiti huo na biashara ya Worldcoin ni kitu kimoja. Lakini vyote viwili vilitangazwa kuwa ni hatua za kuelekea mgao wa fedha kwa watu wote, na katika miezi ile ile maskini wa Texas alikuwa akipokea kwa mwezi kiasi cha shilingi 140,000 na kubaki na macho yake, huku mkazi wa Nairobi akipokea shilingi 7,000 na kuyatoa. Fikra njema ya mtu mmoja ilivaa sura mbili, na kilichoamua sura ipi imfikie nani ni nguvu ya sheria na ya taasisi za mahali husika.

Mlango mwingine ambao Altman aliingilia Nairobi ulikuwa wa kazi. Mashine ya lugha kama ChatGPT hufunzwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa kutoka intaneti, na kwa kuwa ndani ya maandishi hayo yamo matusi, chuki na visa vya ukatili, mashine isiyosafishwa huyarudia. Ili kuisafisha hutengenezwa mtambo mwingine wa kuchuja, nao huo hauwezi kutambua uchafu mpaka uonyeshwe maelfu ya mifano iliyosomwa na kuwekewa alama na watu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 kazi hiyo ya OpenAI ilifanyika Nairobi kupitia kampuni ya Sama, ambayo makao yake makuu yako California. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi hao walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kama malipo kwa kampuni. Wafanyakazi waliohojiwa walisema kwamba walitakiwa kusoma na kuweka alama kati ya vifungu 150 na 250 katika zamu ya saa tisa, ingawa kampuni ilitaja idadi ndogo zaidi, na baadhi ya vifungu hivyo vilieleza kinaganaga unajisi wa watoto, mauaji, mateso na watu wanaojiua. Mmoja wao alieleza kwamba alichokisoma kilimrudia mawazoni tena na tena. Msomaji wa jibu safi na la adabu kutoka kwenye mashine hiyo, awe Dar es Salaam au London, anakula matunda ya kazi ya watu hao, na ni haki yao jambo hilo lisemwe.

Wasimamizi wa maudhui, yaani watu wanaokagua picha na video kwenye mitandao ya kijamii ili kuondoa zinazovunja kanuni, wamepitia hali kama hiyo katika Nairobi hiyo hiyo kwa kazi ya Facebook. Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hiyo, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na mwaka 2023 wasimamizi wengine zaidi ya 180 wakafungua shauri lao. Utetezi wa Meta ulistahili kusikilizwa na kila mtumiaji wa Facebook wa Afrika Mashariki: kampuni ilidai kwamba haina makazi wala haifanyi biashara nchini Kenya, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaikataa tena Septemba 2024. Ndani ya Meta kwenyewe hali ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa Mark Zuckerberg anamiliki takriban asilimia 13 tu ya kampuni, lakini kwa sababu hisa zake ni za daraja maalumu ambalo kila hisa moja ina kura kumi, anashika zaidi ya nusu ya kura zote, na wenye hisa wengine wakiungana wote hawawezi kumwondoa.

OpenAI ilikusudiwa isiwe hivyo. Katiba ya shirika hilo iliipa bodi yake, isiyotafuta faida, mamlaka ya kumfukuza hata mkuu wake ikiona kwamba maslahi ya wanadamu yamo hatarini, na tarehe 17 Novemba 2023 bodi iliyatumia mamlaka hayo ikisema kwamba Altman hakuwa mkweli kwake nyakati zote. Wafanyakazi zaidi ya 700 kati ya takriban 770 walitia saini barua ya kutishia kuondoka, Microsoft iliyokuwa imewekeza mabilioni ya dola ikajitolea kumwajiri yeye na wote watakaomfuata, na baada ya siku tano tu Altman alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na wengi wa waliomfukuza wakawa wameondoka kwenye bodi. Taasisi pekee iliyoundwa mahususi kumdhibiti ilivunjika katika muda usiozidi wiki moja, na mwezi Oktoba 2025 upande wa biashara wa OpenAI ukageuzwa kuwa kampuni ya faida yenye wajibu wa kijamii, huku wakfu wa awali ukibaki na sehemu inayokaribia robo ya hisa.

Ni katika mwanga huo ndipo kilichofanyika Nairobi kinapopata uzito wake kamili. Tarehe 2 Agosti 2023, siku tisa baada ya uzinduzi, Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki alisimamisha shughuli za Worldcoin, wakati ambapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Kamishna wa Kulinda Data, Immaculate Kassait, alilieleza Bunge kwamba ofisi yake ilikuwa imeiagiza kampuni hiyo tangu mwezi Mei iache kukusanya picha za macho, na kamati ya Bunge ikafanya uchunguzi wake. Polisi waliifunga faili yao mwaka 2024 bila mashtaka, na kwa muda ilionekana kana kwamba mambo yamekwisha. Lakini Taasisi ya Katiba, shirika la Kenya linalotetea utekelezaji wa Katiba ya mwaka 2010, ilikuwa imefika Mahakama Kuu, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamua kwamba taarifa hizo zilikusanywa bila tathmini ya kutosha ya athari zake, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa sarafu haikuwa halali. Kampuni iliamriwa kufuta taarifa za kibayometriki, yaani zile zinazotokana na maumbile ya mwili kama macho na sura, ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna.

Hukumu hiyo ilisimama juu ya Kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha, na juu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Haikuhitaji kuthibitisha kwamba Altman ana nia mbaya, wala hakuna aliyemwomba jaji apime moyo wake. Iliuliza iwapo utaratibu ulifuatwa, na swali hilo, ambalo linaonekana dogo, ndilo ambalo bodi ya OpenAI yenye wasomi na mamilioni ya dola haikuweza kulisimamia. Hispania na Ureno zilikuwa zimesimamisha ukusanyaji wa macho mwaka 2024, Brazil ikapiga marufuku malipo ya sarafu kwa ajili ya macho mwaka 2025, na Kenya imejiunga nazo kwa hukumu ya mahakama yake yenyewe. Hasara iliyobaki haifai kufichwa, kwa maana amri ya kufuta picha haiwezi kukitoa ndani ya mtambo kile ambacho mtambo umekwisha kujifunza kutoka kwa picha hizo, na vibarua waliosoma vifungu vya mateso hawafutiwi walichokisoma.

Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Rwanda ina ya mwaka 2021, na ya Tanzania iliyopitishwa mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo msikilizaji wa nchi hizo hayuko mikono mitupu. Atakapoombwa jicho lake, alama za vidole vyake au sauti yake na kampuni yoyote, hata ile inayosema imekuja kumtajirisha, aulize taarifa hizo zitahifadhiwa nchi gani, nani atajibu zikitumiwa vibaya, na ni mahakama ipi itasikiliza shauri lake. Na asipojibiwa kwa lugha anayoielewa, aondoke kwenye foleni na alipeleke lalamiko lake kwa tume au kamishna wa nchi yake kwa maandishi, ili liwe na tarehe na muhuri.